Galu: Bandari za umma na njia ya kupata leseni ya uvuvi

MGENI anayefika Galu, kusini mwa Diani katika Kaunti ya Kwale, huona ukuta baada ya ukuta: hoteli, majumba ya kifahari na malango yenye walinzi. Huenda akadhani kuwa bahari iliyo nyuma ya kuta hizo nayo ina mwenyewe. La hasha. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinaitaja ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ile ya maji kupwa kuwa ya umma. Ufuo ni wa wote. Kinachoadimika ni vichochoro vya kuufikia.

Kwa mvuvi, jambo hili si la starehe. Anahitaji njia ya kupitisha nyavu na samaki hadi barabarani, mahali pa kupweleza ngalawa, na kivuli cha kushonea nyavu na kuuzia. Mahali hapo ndipo wenyeji hupaita bandari, hata kama hapana gati. Bandari ikizibwa, wavuvi hupoteza riziki pamoja na kina mama karanga, wanawake wanunuao samaki ufuoni, wakawakaanga na kuwauza mitaani na vijijini.

PA KUVULIA

Katika mwambao wa Diani na Galu, bandari zinazojulikana ni pamoja na Mwaepe, Mvuleni na Mwanyaza. Kusini zaidi zipo za Chale, Gazi, Msambweni, Shimoni na Vanga.

Kati ya ufuo na mwamba wa matumbawe kuna maji mafupi ambamo huvuliwa tafi, changu na pono kwa mishipi, nyavu na malema. Maji yanapokupwa wakati wa bamvua, watu hutembea mwambani kuchokoa pweza. Nje ya mwamba ndiko waliko jodari, nguru na kolekole, na huko huenda wenye vyombo imara, hasa msimu wa kaskazi, kati ya Novemba na Machi. Kusi ivumapo katikati ya mwaka, bahari huchafuka na wengi husalia ndani ya mwamba.

Si kila eneo linaruhusiwa. Katika Hifadhi ya Bahari ya Kisite, karibu na Shimoni, uvuvi wote umepigwa marufuku. Katika eneo jirani la Mpunguti, uvuvi wa jadi unakubaliwa. Yote mawili husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Maji ya Diani hadi Chale nayo yalitangazwa eneo la hifadhi mwaka wa 1995, lakini mpango huo haukutekelezwa kikamilifu kwa sababu wavuvi waliupinga, wakihofu kunyang'anywa bahari yao.

HATUA ZA LESENI

Uvuvi unaongozwa na Sheria ya Usimamizi na Ustawishaji wa Uvuvi ya mwaka wa 2016, iliyounda Huduma ya Uvuvi Kenya (KeFS). Serikali za kaunti nazo zina jukumu lao chini ya Katiba. Hata hivyo, kwa mvuvi mdogo hatua ya kwanza si afisini bali ufuoni.

Tangu kanuni za mwaka wa 2007, bandari husimamiwa na vikundi vya usimamizi wa fuo, maarufu kama BMU, vinavyowaleta pamoja wenye vyombo, mabaharia na wachuuzi. Anayetaka kuvua hujitambulisha kwa BMU ya bandari atakayoitumia na kujiandikisha. Kisha huenda katika afisi ya uvuvi ya kaunti akiwa na kitambulisho cha kitaifa. Ada iulizwe hapo hapo, ilipwe kwa njia rasmi na risiti ihifadhiwe.

Chombo nacho husajiliwa peke yake na kupewa nambari inayoandikwa ubavuni. Leseni ya mtu haitoshelezi chombo, wala ya chombo haimtoshelezi mtu. Usalama wa vyombo, yakiwemo maboya ya kujiokolea, ni jukumu la Mamlaka ya Usafiri wa Majini (KMA).

Anayevua kwa kujifurahisha, hasa watalii wanaofuata samaki wakubwa katika mkondo wa Pemba, hukata leseni ya uvuvi wa michezo, ambayo si ya biashara. Akikodi mashua, ni busara amwombe nahodha amwonyeshe hati za chombo kabla ya kulipa.

Kitambulisho kinachotajwa hapo juu si jambo dogo. Kwa miaka mingi, Wapemba walioishi Pwani ya Kenya kwa vizazi, wengi wao wakiwa wavuvi hodari, walikosa leseni kwa kuwa hawakutambuliwa kuwa raia. Serikali iliwatambua mwaka wa 2023, na Julai mwaka huo vitambulisho vikaanza kutolewa.

ZANA ZILIZOPIGWA MARUFUKU

Mwaka wa 2001, serikali ilipiga marufuku juya na bunduki za mishale. Juya hukokota kila kitu, hata vifaranga vya samaki, na kuvunja matumbawe. Baruti na sumu haziruhusiwi kamwe. Kasa na nguva hulindwa na sheria; wakinaswa kwa bahati mbaya, hurudishwa majini.

Wazee wa Galu hawakungoja serikali. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1997 ulionyesha kuwa viongozi wa bandari za Mvuleni na Mwanyaza walikuwa wamezuia juya kwa zaidi ya miaka 20, na mvuvi wa hapo alipata samaki wengi kuliko mwenzake wa bandari zilizoliruhusu. Kwa wazee hao, kanuni za bahari ziliandamana na mila na sadaka.

Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mwenye kuzunguka afisi zote atarudishwa bandarini, kwa BMU na wazee wake. Ndiyo maana kila kichochoro kinachofungwa na ukuta mpya huko Galu ni hasara isiyofidiwa na leseni yoyote.