Nnedi Okorafor na Uchawi wa Kiafrika katika Riwaya za Vijana

Nnedi Okorafor alizaliwa mwaka 1974 mjini Cincinnati, Marekani. Wazazi wake, Waigbo wa Nigeria, walikwenda huko kusoma mwaka 1969, na vita vya Biafra vikawazuia kurudi kwao. Alikulia viungani mwa Chicago, lakini tangu utotoni alipelekwa Nigeria mara kwa mara kuwasalimia ndugu. Huko aliona mizimu iliyovaa vinyago ikicheza barabarani na watoto wakiikimbia, akasikia watu wazima wakizungumzia juju, yaani uchawi, kama wanavyozungumzia mvua. Karibu kila alichokuja kuandika kina mizizi katika safari hizo.

Kuandika hakukuwa katika mipango yake. Shuleni alivuma kwa tenisi na riadha, na alitamani kuwa mtaalamu wa wadudu. Alipokuwa na miaka 13 ilibainika kwamba uti wake wa mgongo umepinda. Akiwa na miaka 19 alifanyiwa upasuaji wa kuunyoosha, akazinduka akiwa amepooza kuanzia kiunoni. Wodini alianza kuandika hadithi pembezoni mwa kurasa za kitabu cha mwandishi wa bunilizi Isaac Asimov alichokuwa nacho kitandani. Mazoezi ya viungo yalimrudishia uwezo wa kutembea, ila michezo ya mashindano ikawa imekwisha. Aliporejea Chuo Kikuu cha Illinois, alikokuwa akisoma, alijiandikisha katika somo la utunzi wa hadithi. Mwaka 2001 alihudhuria warsha ya Clarion, inayowanoa waandishi wa bunilizi, na baadaye akapata shahada ya uzamivu ya fasihi mjini Chicago.

Riwaya yake ya kwanza, Zahrah the Windseeker, ilitoka mwaka 2005. Mhusika mkuu ni msichana aliyezaliwa na nywele zilizofungamana na mimea itambaayo, anayechekwa na wenzake hadi anapogundua kwamba anaweza kupaa. Anaishi katika nchi ambako kompyuta huota kutokana na mbegu. Wakati huo Harry Potter ndiye aliyetawala maduka ya vitabu, na fantasia ya vijana ilikuwa bado na sura ya Ulaya, yenye ngome, mazimwi na shule za bweni za Kiingereza. Mwaka 2008 kitabu hicho kilipata Tuzo ya Wole Soyinka ya Fasihi ya Afrika.

Kazi iliyomweka katika safu ya mbele ya fani hii ni Akata Witch ya mwaka 2011. Sunny, mwenye miaka 12, amezaliwa New York kwa wazazi Wanigeria na sasa anaishi Aba, kusini mashariki mwa Nigeria. Ni mwenye ualbino, na hawezi kucheza mpira mchana kwa sababu ya jua. Anagundua kwamba ni mmoja wa Watu wa Chui, jamii ya siri yenye elimu ya juju. Wazo hilo lina msingi wa kweli: Ekpe, chama cha chui cha watu wa eneo la Cross River, kipo tangu zamani, na nsibidi, alama za maandishi anazojifunza Sunny, zilitumika huko kabla ya ukoloni. Katika jamii hiyo fedha hudondoka kutoka hewani mtu anapojifunza jambo jipya, kwa hiyo tajiri ni yule aliyeelimika. Kasoro ya mwili nayo huwa chanzo cha uwezo, na ualbino wa Sunny ndio unaomwezesha kuvuka kwenda katika ulimwengu wa roho. Kwa msomaji wa Tanzania, ambako watu wenye ualbino wameuawa kwa imani za kishirikina, hili ni jambo zito. Mtoto ambaye ushirikina humfanya windo, hapa ndiye mwenye elimu na nguvu. Kwa kuwa neno akata ni la dharau, kampuni ya Cassava Republic ilikichapisha kitabu hicho kwa jina la What Sunny Saw in the Flames.

Okorafor aliwaandikia watu wazima pia. Who Fears Death ya mwaka 2010, inayotokea katika Sudan ya wakati ujao, ilishinda World Fantasy Award mwaka 2011. Tuzo yenyewe ilikuwa sanamu ya kichwa cha H. P. Lovecraft, mwandishi aliyewatukana watu weusi katika maandishi yake. Okorafor aliandika hadharani jinsi zawadi hiyo ilivyomkera, wengine wakapaza sauti baada yake, na mwaka 2015 ikatangazwa kwamba sanamu hiyo inaondolewa. Hadithi yake iitwayo Binti ilimpatia tuzo za Hugo na Nebula mwaka 2016. Mwaka huohuo yeye na Mkenya Wanuri Kahiu walichapisha Rusties, hadithi ya roboti za kuongoza magari jijini Nairobi.

Mwaka 2019 alilikataa jina "Afrofuturism", lililozoeleka Marekani kwa bunilizi za watu weusi, kwa hoja kwamba linaanzia Marekani ilhali hadithi zake zinaanzia Afrika. Hoja hiyo ina uzito, kwani juju iliyomo vitabuni mwake inatokana na imani ambazo watu bado wanaziishi.

Hadithi ya Sunny iliendelea katika Akata Warrior, iliyoshinda mwaka 2018 tuzo ya kitabu bora cha vijana inayotolewa pamoja na Hugo, ikiwa ya kwanza kuipata. Akata Woman, kitabu cha tatu, kilitoka mwaka 2022 na kuinyakua tuzo hiyohiyo mwaka 2023.