Mji Usio na Ukuta: Tabora na Maana ya Neno "Mji"



Asafiriye kwa treni kutoka Tabora hadi Kigoma hupita Usinge, kituo cha reli iliyofika Kigoma mwaka 1914. Kabla ya reli hiyo, nchi hii ilivukwa kwa miguu na misafara iliyounganisha Unyanyembe na Ujiji. Je, Tabora, ambako misafara ilikusanyika, palikuwa mji?

Richard Burton alipofika Kazeh mwaka 1857 alikuta matembe makubwa ya wafanyabiashara Waarabu, yaliyotawanyika, yakiwa na bustani zake. Apimaye mji kwa ukuta na mitaa iliyonyooka ataviita vijiji tu.

Kipimo hicho kimekwisha kutiwa shaka kwingineko. Kuanzia mwaka 2009, Jeffrey Fleisher, profesa wa anthropolojia wa Chuo Kikuu cha Rice, na mwanaakiolojia Stephanie Wynne-Jones walichunguza Songo Mnara, karibu na Kilwa. Hawakutosheka na magofu ya mawe. Walichunguza pia udongo wa viwanja vilivyo wazi kati ya nyumba. Walidhihirisha kwamba uwazi huo, wenye makaburi na athari za shughuli za watu, ulikuwa sehemu ya mpango wa mji. Huko Guatemala, vipimo vya miale ya leza vilivyotangazwa mwaka 2018 vilifichua zaidi ya majengo 60,000 ya Wamaya chini ya msitu. Makazi yao yalichangamana na mashamba, na hakuna awanyimaye Wamaya jina la wajenzi wa miji.

Lugha yetu ilikuwa na upana huo tangu awali. "Mji" ni makazi ya watu wengi, lakini pia ni kaya ya mtu mmoja na jamaa zake. Mwenyeji ni mwenye mji, naye ndiye ampokeaye mgeni. Kwa maana hiyo, matembe ya Unyanyembe yalikuwa miji ndani ya mji: kila moja na mwenyeji wake, ua wake na wageni wake wa safari.

Ndugu wanafunzi, gofu la matumbawe hudumu karne nyingi, ilhali tembe la udongo lililoachwa huyeyuka kwa mvua. Tukisoma mawe pekee, tutahitimisha kwamba bara halikuwa na miji. Basi nendeni Tabora, Usinge na Ujiji, mkawaulize wazee majina ya viwanja, visima na nyua, kabla maneno hayo nayo hayajaufuata udongo.