Kushusha injini

Fundi wa Kibuta, kule Kisarawe, akikwambia kesho anashusha injini ya Land Rover yako kuukuu, kesho utaiona ikipanda. Boneti inafunguliwa, winchi ya mnyororo inaning'inizwa kwenye tawi nene la mwembe, injini inapaa. Hata gia boksi ya gari hizo hutolewa kwa juu, kupitia ndani, viti na bati la sakafu vikishaondolewa. Labda Hiace ndiyo inayoshushwa kweli, maana injini yake iko chini ya viti vya mbele.

Sioni kosa. Kushusha huku ni kule kwa mzigo: lori la korosho hushushwa hata ghala likiwa juu yake.

Kuirudisha, mafundi husema kufunga, na hapo ndipo penye jasho. Klachi pleti ikikaa upande kidogo tu, shafti ya gia boksi haiingii. Mmoja anasukuma, mwenzake anazungusha krenki kwa spana, taratibu, mpaka meno yakutane. Asiye na subira huivuta kwa kukaza bolti, akapasua kava.