Seegrotte: Mgodi wa jasi ulioshindwa na maji

Shika kipande cha jasi ukikwaruze kwa ukucha. Kitakuachia unga mweupe kidoleni, maana jiwe hili ni laini ajabu. Ndilo linalochanganywa kwenye saruji, linalopamba dari za nyumba zetu, na linalotengenezewa plasta ya kumfunga aliyevunjika mguu. Nchini Tanzania huchimbwa Makanya, wilayani Same, na huko Kilwa. Lakini katika mji mdogo wa Hinterbrühl, kusini mwa Vienna nchini Austria, watu waliifuata jasi mpaka tumboni mwa mlima, na shimo walilolichimba, leo Seegrotte, limebeba historia nzito.

Ilianza mwaka 1848. Watu walikuwa wakichimba kisima, wakakutana na jasi. Mgodi ukafunguliwa, na jiwe lililotolewa humo likasagwa kuwa mbolea ya mashamba. Farasi nao waliteremshwa kuvuta mizigo gizani. Zizi lao lililochongwa mwambani lingalipo. Lipo pia kanisa dogo la Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimba madini. Aliyeingia kazini asubuhi alijua kwamba kutoka salama jioni ni neema.

Mwaka 1912 baruti ililipuliwa kama siku nyingine yoyote. Safari hii mwamba ulipasuka, maji yakafumka kwa nguvu, na zaidi ya lita milioni 20 zikajaza mahandaki ya chini. Kazi ikaishia hapo. Waliotafuta maji walipata jasi. Waliotafuta jasi wakapata maji.

Mgodi ulikaa kimya hadi miaka ya 1930, wachunguzi wa mapango walipouingia na kukuta ziwa tulivu chini ya ardhi. Mwaka 1932 wageni walianza kukaribishwa.

Kisha Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vikaja. Mabomu ya Washirika yalipozidi kuviponda viwanda vya Ujerumani, Wanazi walitafuta pa kujificha. Waliutwaa mgodi, wakayavuta maji kwa pampu, na kampuni ya Heinkel ikaanza kuunda humo viwiliwili vya He 162, ndege ya kivita ya jeti yenye mabawa ya mbao na injini moja mgongoni. Iliundwa kwa pupa. Ndege ya kwanza iliruka tarehe 6 Desemba 1944. Siku nne baadaye ilivunjika angani ikamuua rubani wake.

Mikono iliyoziunda ndege hizo haikuwa huru. Ilikuwa ya wafungwa wa tawi la kambi ya mateso ya Mauthausen, waliofanyishwa kazi kwa nguvu katika mahandaki yaleyale ya jasi. Jeshi la Kisovieti lilipokaribia, mwanzoni mwa Aprili 1945, walilazimishwa kutembea kwa miguu hadi Mauthausen, safari ya takriban kilomita 200. Wafungwa 51 waliokuwa hoi, wasioweza kutembea, hawakuachwa hai. Waliuawa kwa kudungwa sindano za petroli.

Baada ya vita maji yalirudi, na wageni nao wakarudi. Leo hushuka wamejifunika makoti, kwani ndani kuna baridi ya nyuzi 9 mwaka mzima, kisha hupanda mashua na kuelea juu ya maji maangavu yanayong'aa kwa taa. Ziwa lina ukubwa wa mita za mraba 6,200, na husifiwa kuwa ndilo kubwa kuliko yote ya chini ya ardhi barani Ulaya. Halina njia ya kutokea, hivyo maji yanayoingia lazima yavutwe kwa pampu, la sivyo kina kitapanda. Wala si maji ya kuchezewa: mwaka 2004 mashua ilipinduka, watu 5 wakafa.

Hinterbrühl pana mnara wa kuwakumbuka waliokufa kambini. Hauna taa za rangi wala mashua. Anayekwenda kustaajabia ziwa na aanzie hapo, asimame kidogo, ndipo ateremke. Huko chini atakanyaga sakafu waliyoikanyaga wale 51.