Mizimu Isiyopiga Kelele: Picha za Hofu Katika Mji wa Nairobi

Mwaka 1912, Nairobi ilipokuwa bado mji wa mabati na matope kando ya reli, ilifunguliwa Theatre Royal katika barabara iliyokuja kuitwa Delamere Avenue na leo yaitwa Kenyatta Avenue. Na jumba hilo, ambalo wakazi wa baadaye walilijua kwa jina la Cameo, likafuatwa na mengine katikati ya mji, Kenya Cinema, Twentieth Century, Odeon na Globe. Kwa miaka mingi hofu iliyouzwa mlangoni mwa majumba hayo ilikuwa bidhaa ya kuagizwa, sawa na vitambaa na mvinyo: makasri ya mawe, makaburi yenye ukungu, maiti wa Kizungu wakiamka kwa sababu zao za Kizungu. Mizimu ya wenyeji, iliyokuwa ikisimuliwa kila usiku Pumwani na Kawangware, haikuwa na nafasi kwenye pazia.

Sababu ya jambo hili haikuwa uhaba wa fedha peke yake. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda Colonial Film Unit, na mkuu wake, William Sellers, aliyekuwa amefanya kazi ya afya ya umma nchini Nigeria, alishikilia dhana kwamba jicho la Mwafrika halijazoea picha, na kwa hiyo apewe sinema ya mwendo wa taratibu, isiyorukaruka, wala isiyo na hila yoyote ya kamera. Kisa kilichorudiwa mno kuthibitisha dhana hiyo ni cha wanakijiji walioonyeshwa mbu aliyekuzwa akajaza pazia zima, nao wakasema hawana haja ya kuogopa, kwani kwao hakuna mbu wakubwa namna ile. Mimi nakishuku kisa hiki, maana kimesimuliwa na wapimaji wala si wapimwaji; na hata kikiwa cha kweli, huenda wazee wale walikuwa wakimfanyia mgeni mzaha. Lakini kilikaa vichwani mwa watawala, na picha ya mizimu, ambayo riziki yake ni kitu kutoweka ghafula na uso kujitokeza pasipo taarifa, ilikuwa imekatazwa kabla hata mtu hajafikiri kuitengeneza. Kisha ikaja sheria ya filamu na michezo ya jukwaani ya mwaka 1962, ambayo dola huru iliirithi pamoja na leseni zake na wakaguzi wake.

Hata hivyo mji haukukosa hofu yake. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliteua tume, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, ichunguze ibada za shetani nchini, na ripoti yake ilipofikishwa Bungeni mwaka 1999 watu walikuwa wamekwisha jaza mapengo kwa uvumi. Abiria wa matatu za Ngong Road na Waiyaki Way walisimuliana habari za mwanamke mrembo anayepewa lifti usiku, kisha dereva akitupa jicho chini akaona kwato. Punde si punde zikaingia kanda za Nigeria, zenye waganga wanaonguruma na moshi mwingi, na wachuuzi wa River Road wakazinakili na kuziuza. Katika kanda zile mzimu hauingii ila kwa kishindo.

Sauti ya chini ilianza kusikika mwaka 2010, kwa Soul Boy ya Hawa Essuman, iliyoandikwa na Billy Kahora na kupigwa Kibera. Kijana Abila anamkuta baba yake amelegea, akidai roho yake imeibwa. Anamfuata mzimu aitwaye Nyawawa, naye anampa kazi saba za kufanya. Waluo wa pwani ya ziwa humfukuza Nyawawa jioni kwa kugonga sufuria na mabati, nyumba baada ya nyumba, mpaka kelele zikapita kijiji kizima. Lakini katika picha hii anaketi chumbani kama mwenye duka anayengoja kulipwa, na utulivu huo ndio unaotisha. Picha hiyo ilitoka katika mafunzo ya One Fine Day Films, iliyoasisiwa na Mjerumani Tom Tykwer na Marie Steinmann, wakishirikiana na kampuni ya Nairobi iitwayo Ginger Ink.

Katika mlango huohuo ilitoka Kati Kati, mwaka 2016, ya Mbithi Masya, aliyejulikana kwanza mjini kwa muziki wa kundi la Just A Band. Aliiandika pamoja na Mugambi Nthiga, nayo ina muda wa dakika 75 tu. Kaleche, anayeigizwa na Nyokabi Gethaiga, anazinduka nyikani amevaa gauni la hospitali. Anaona hoteli ya wageni, anaingia, na Thoma, aliye kiongozi wa wenyeji wake, anamwarifu kwamba amekwisha kufa. Hakuna giza, hakuna fuvu: jua ni kali, watu wanakula na kucheka, na anayetaka kitu hukiandika kwenye karatasi, nacho huja. Msomaji aliyelelewa na masimulizi ya barzakhi, makao ya wafu kabla ya ufufuo, ataitambua hali hii mara moja, ila hapa hakuna malaika wa kuuliza maswali. Kila mmoja ameachiwa ajihoji mwenyewe, naye aghalabu hataki.

Septemba 2016, katika tamasha la Toronto, jopo la FIPRESCI, shirikisho la wahakiki wa filamu duniani, liliipa tuzo yake katika fungu la Discovery. Heshima hiyo ilistahili, japo tukubali kwamba mji wetu umezoea kupelekewa habari za watoto wake kutoka ng'ambo. Wageni waliona hekaya ya kifo na kusahau, nao hawakukosea. Bali mtazamaji wa Nairobi humtazama zaidi King, mhubiri anayeigizwa na Peter King Mwania, ambaye dhamiri yake imenaswa katika umwagaji wa damu uliofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Hapo ndipo hofu yenyewe ilipo: marehemu wanakaa meza moja na kupitishiana sahani, pasipo kuulizana walifanya nini. Kama nina lawama, ni kwamba King alistahili nafasi kubwa zaidi, na penzi la Kaleche na Thoma nafasi ndogo.

Wakati huo biashara ya sinema yenyewe ilikuwa imehama. Majumba kadhaa ya katikati ya mji yalikuwa yamegeuka makanisa au kumbi za mikutano, na watazamaji walikuwa wamefuata maduka makubwa ya magharibi, Westlands na Prestige Plaza ya Ngong Road, kwenye viti vya starehe na tikiti ambayo mkazi wa Kangemi huifikiria mara mbili. Kati Kati iliteuliwa mwaka 2017 kuiwakilisha Kenya katika kinyang'anyiro cha Oscar, isiingie katika orodha ya mwisho. Miaka miwili baadaye Nthiga alisimamia picha yake mwenyewe, Lusala, juu ya kijana aliyelelewa na jamaa wenye nacho wa Nairobi, anayetakiwa kuhama akajitegemee, na maisha aliyodhani ameyaacha utotoni yakamfuata mpaka chumba chake kipya.