Kutoka Misri ya Bayek hadi Kenzera ya Zau

Mwaka 2017 kampuni ya Ubisoft ilitoa Assassin's Creed Origins, gemu iliyoijenga upya Misri ya kale kwa uhalisia wa kustaajabisha. Mwaka uliofuata ikaongezewa sehemu isiyo na mapigano, ya kutembea na kujifunza historia. Sauti ya shujaa wake, Bayek, ilikuwa ya Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya.

Aprili 2024 Salim alitoa gemu ya studio yake mwenyewe, Tales of Kenzera: Zau, na uhalisia ule akauacha. Zau ni mganga kijana mwenye vinyago viwili, cha Jua na cha Mwezi, katika nchi inayowaka rangi. Anamsihi Kalunga, mungu wa mauti, amrudishie babake. Salim aliitunga baada ya kufiwa na baba aliyemfundisha kupenda gemu, na mchezaji anayetaka huwasikia wahusika wakisema Kiswahili.

Ubishi kati ya uhalisia na mchoro wenye mtindo wake ni wa zamani. Mwaka 1992 gemu ya Mortal Kombat ilitumia picha za watu halisi, wachezaji wakaduwaa. Leo picha zile zimechakaa. Nintendo ilipotoa The Wind Waker mwaka 2002, mashabiki wengi walikuwa wamekwisha kulalamika kwamba shujaa wake, Link, amegeuzwa katuni. Gemu hiyo ingali inapendeza. Uhalisia huzeeka pamoja na mashine iliyouzaa, ilhali mchoro wenye mtindo wake hauna deni kwa mashine yoyote.

Pwani yetu imelijua hili kitambo. Fundi wa milango ya nakshi hakuiga ua la bustanini. Alilipanga upya, akalizungushia mnyororo, na mlango ukadumu vizazi.

Ndiyo maana nautazama mfano wa Zau nikiwa na Gazi moyoni, ghuba ya mikoko katika pwani ya kusini ya Kenya. Kuiga ghuba hii katika gemu, jani kwa jani, kungehitaji mamia ya wachoraji na kompyuta za bei kali. Kijana mwenye kipaji anaweza kuanza na mikoko yenyewe: mkoko unaosimama kwa magongo, mchu unaochomoza pumzi zake matopeni, mkandaa, mlilana. Kisa nacho kipo. Hapa ndipo yalipokuwa makao ya Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896 kabla ya kuvuka mpaka kwa Wajerumani.