Tuhuma Mbili za Mwaka 2011

Katika mji wa Kitale, upande wa mashariki wa Mlima Elgon, uko mtaa uitwao Tuwan. Ni mtaa wa watu wengi na nyumba zilizobanana, na wakazi wake wengi huishi kwa vibarua na biashara ndogo ndogo. Wewe msomaji, kama umekulia huko, au kama umekulia Bungoma, wajua kuwa padre katika mahali kama hapo si mtu wa altare tu. Ndiye abatizaye watoto na kuzika wazee. Cheti chake cha ubatizo hutakiwa pale mtu anapotaka kufunga ndoa kanisani. Mjane asiye na karo humwendea yeye, na kijana aliyekosana na baba yake humwendea yeye pia. Kwa hiyo padre akitoweka ghafla, na Jumapili ifuatayo akasimama mgeni mahali pake, waumini huulizana kwa sauti ya chini. Mmoja husema amehamishwa, wa pili husema ni mgonjwa, wa tatu hujua zaidi lakini hasemi.

Nataka nikueleze habari za watumishi wawili wa Kanisa Katoliki waliopata kufanya kazi katika nchi ya Kenya, wakaondoka katika huduma kwa sababu walituhumiwa mwenendo mbaya. Habari zao zilijulikana ulimwenguni katika mwaka mmoja, yaani 2011, na wote wawili walitoka katika shirika moja. Hata hivyo, yaliyowapata hayafanani.

Kabla ya kuendelea, yafaa tuyatenge maneno matatu ambayo watu huyachanganya kila siku. Tuhuma ni neno la kumdhania mtu ubaya. Mtu yeyote aweza kulitamka, awe na ushahidi au asiwe nao. Shtaka ni tuhuma iliyopelekwa mbele ya mwenye mamlaka ya kuichunguza. Hatia ni jambo lililothibitishwa. Kati ya neno la kwanza na la tatu pana safari ndefu, na wasimulizi wengi wa mitaani huikata safari hiyo kwa hatua moja.

Shirika nililolitaja ni lile la Mill Hill. Lilianzishwa mwaka 1866 na Herbert Vaughan huko Mill Hill, pembeni mwa jiji la London. Wamisionari wake walifika Uganda mwaka 1895, na sababu ya kuitwa kwao ilikuwa ya siasa kama ilivyokuwa ya dini. Katika Buganda Wakatoliki walikuwa wakiitwa "Wafaransa," kwa kuwa mapadre wao walikuwa Wafaransa, na Waprotestanti wakiitwa "Waingereza". Makundi hayo yalipigana kwa bunduki mwaka 1892. Ilionekana ni busara kuleta mapadre Wakatoliki kutoka Uingereza, ili watu waone kuwa Mkatoliki si lazima awe upande wa Ufaransa. Kutoka Uganda wamisionari hao walishuka upande wetu. Mwaka 1903 walifika Kisumu, na mwaka uliofuata Mumias. Kutoka huko kazi yao ilienea katika nchi ya Waluhya hata Bungoma, ambayo ilifanywa jimbo mwaka 1987. Upande wa Kitale kazi ilishikwa zaidi na mapadre wa Shirika la Mtakatifu Patrisi, kutoka Kiltegan katika Ireland, tangu siku za Eldoret kutengwa kuwa eneo la Kanisa la peke yake mwaka 1953. Kitale yenyewe ilipata kuwa jimbo mwaka 1998. Basi kwa mtu wa sehemu hizi, Ireland na Uholanzi si nchi za kusoma katika ramani tu. Ni nchi za watu waliokaa nasi, wakasema lugha zetu, na wengine wao wakazikwa kwetu.

Sasa tuje kwa mtu wa kwanza. Cornelius Schilder alikuwa Mholanzi wa Mill Hill, aliyefanya kazi miaka mingi miongoni mwa Wamaasai. Mwishoni mwa mwaka 2002 aliteuliwa kuwa Askofu wa Ngong. Mnamo Agosti 2009, kabla ya kutimiza umri wa miaka 75 ambao maaskofu huomba kustaafu, habari ilitoka Roma kuwa Papa ameikubali barua yake ya kujiuzulu. Sheria iliyotajwa ni kanuni ya 401, kifungu cha pili, nayo yasema hivi kwa maana yake: askofu ambaye kwa ugonjwa au kwa sababu nyingine nzito hawezi kuitimiza kazi yake sawasawa, ahimizwa kuomba kuondoka. Angalia ujanja wa kifungu hicho. Ugonjwa na "sababu nyingine nzito" vimewekwa katika mfuko mmoja, na anayesoma tangazo hana njia ya kujua ni kipi kilichotolewa. Watu waliambiwa ni afya.

Mwaka 2011 redio ya Kiholanzi ya matangazo ya ng'ambo ilifichua jambo lenyewe. Askofu alikuwa ameshtakiwa kuwa alimdhulumu kimwili kijana wa Kimaasai katika miaka aliyokuwa padre huko. Shirika lake halikukana. Lilikiri kuwa hiyo ndiyo sababu ya kuondoka kwake, na kwamba Vatican ilikuwa imemkataza kazi ya uchungaji. Alikuwa amekwisha kurudi Uholanzi. Kwa muda wa karibu miaka miwili, basi, waumini wa Ngong walikuwa wakiishi na maelezo ambayo wakubwa wao walijua kuwa si kamili.

Mtu wa pili ni Padre Kevin Reynolds, wa Ireland, wa shirika lile lile la Mill Hill. Alitumika Kenya miaka mingi, kisha akarudi kwao, akawa paroko wa Ahascragh, kijiji katika wilaya ya Galway. Mwezi wa Mei 2011, siku ambayo watoto wa parokia yake walikuwa wakipokea Komunyo ya Kwanza, mwandishi wa habari wa televisheni ya taifa, RTÉ, alimjia na kamera baada ya Misa na kumwuliza habari za msichana wa Kenya. Padre alikana. Mawakili wake wakaandika barua, na katika barua hizo akajitolea kupimwa damu ili ijulikane kama yeye ni baba wa mtoto aliyetajwa. Televisheni haikungoja kipimo. Tarehe 23 Mei 2011 ilirusha kipindi kilichodai kuwa alimnajisi msichana mdogo huko Kenya mwaka 1982 na kuzaa naye mtoto. Padre aliondoka katika parokia yake na kuacha huduma ya hadhara.

Pengine utauliza, wangethubutuje? Jibu liko katika hali ya nchi yao wakati huo. Mwaka 2009 Ireland ilikuwa imesoma taarifa mbili kubwa za uchunguzi, moja juu ya shule na makao ya watoto yaliyoendeshwa na mashirika ya kidini, nyingine juu ya jimbo kuu la Dublin. Taarifa hizo zilionyesha kuwa watoto wengi waliteswa na kunajisiwa kwa miaka mingi, na kwamba wakubwa wa Kanisa waliyafunika mambo hayo ili kulinda jina. Watu waliokuwa wamedanganywa mara nyingi hivyo hawakuwa tayari tena kumsikia padre akisema, "Sikutenda." Hasira yao ilikuwa ya haki. Lakini hasira ya haki haiwi ushahidi, na mwandishi wa habari ambaye kazi yake ni kuchunguza aliuacha ushahidi uliokuwa umewekwa mezani.

Kipimo kilifanyika baadaye, naye Padre Reynolds akaonekana si baba wa mtoto yule. Kipimo hicho ni cha vinasaba, na jinsi kilivyo si vigumu kukieleza: kila mtu hupokea nusu ya vinasaba vyake kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba. Ukiisha kuitoa ile iliyotoka kwa mama, nusu iliyobaki lazima ilingane na ya baba. Isipolingana, mtu yule si baba, hata kama kijiji kizima kingeapa. Njia ya kumtambua mtu kwa vinasaba iligunduliwa mwaka 1984 na Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza. Mwaka 1954 padre katika hali ile asingekuwa na njia ya uhakika kama hiyo ya kujitetea, wala msichana aliyedhulumiwa kweli asingekuwa na njia kama hiyo ya kuthibitisha. Ni chombo kinachowatumikia wote wawili.

RTÉ iliomba radhi hadharani, na mwezi wa Novemba 2011 ikapatana na padre mbele ya Mahakama Kuu juu ya fidia kubwa. Mwezi wa Mei 2012 chombo kilichosimamia utangazaji huko wakati huo kiliitoza faini ya euro 200,000. Wakubwa kadhaa wa habari na mwandishi wa kipindi waliacha kazi zao. Padre Reynolds alirudishwa katika huduma.

Hapa yafaa kueleza maana ya padre "kuacha huduma," maana watu hufikiri ni jambo moja. Padre aweza kuwekwa kando kwa muda wakati uchunguzi unaendelea. Hiyo si adhabu, ingawa machoni pa jirani hufanana na adhabu. Aweza kusimamishwa, asiruhusiwe kuadhimisha Misa mbele ya watu wala kuungamisha. Aweza kujiuzulu cheo na kubaki padre. Na mwisho aweza kuondolewa kabisa katika hali ya uklero, akaishi kama mlei. Hata huyo wa mwisho, kwa imani ya Wakatoliki, daraja aliyopewa haifutiki: akimkuta mtu anayekaribia kufa, sheria yamruhusu kumwondolea dhambi. Mtu wa nje aweza kuiona habari hiyo kuwa ya ajabu. Lakini ndiyo inayoeleza kwa nini Kanisa lilichelewa sana kuwafukuza watu, kwa kuwa lilizoea kumtazama mkosaji kama padre aliyeanguka na kumhamisha aanze upya pengine, likimsahau mtoto aliyeachwa nyuma.

Usiri huo ulikuwa na maandishi. Mwaka 1922, na tena mwaka 1962, Roma iliwapelekea maaskofu maagizo juu ya makosa ya namna hii, na waliohusika katika kesi walifungwa na kiapo cha kunyamaza. Mabadiliko yalikuja polepole. Mwaka 2001 Papa Yohane Paulo wa Pili aliamuru kesi za kuwadhulumu watoto zipelekwe Roma, na umri wa kuhesabiwa mtoto ukapandishwa hadi miaka 18. Mwezi wa Mei 2011, mwezi ule ule wa kipindi cha RTÉ, Roma iliwataka maaskofu wa kila nchi waandike mwongozo wao wa kushughulikia mashtaka; waraka huo ulisema pia kuwa padre aliyeshtakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe. Mwaka 2019 Papa Fransisko aliwalazimisha mapadre na watawa kutoa taarifa wanapojua jambo la namna hii, akaweka njia ya kuwashtaki maaskofu wenyewe, na mwezi wa Desemba mwaka huo akaiondoa siri ya Kipapa katika kesi hizi.

Lakini Kanisa si mahakama pekee. Kenya ilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana mwaka 2006, kwa mswada wa Njoki Ndung'u, na sheria hiyo yaipa mahakama uwezo wa kuamuru mtuhumiwa atoe sampuli za mwili wake kwa ajili ya kipimo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 50, yamhesabu kila mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kanzu haimwondoi mtu chini ya sheria hizo, wala haimnyimi ulinzi wake. Askofu aweza kumwondoa padre altareni, lakini kumfunga au kumwachilia huru ni kazi ya hakimu. Na mzazi wa Tuwan au wa Bungoma ambaye mtoto wake amedhulumiwa hahitaji ruhusa ya parokia kwenda kituo cha polisi.

Nikizitazama tuhuma hizi mbili pamoja, naona kuwa moja ilitangazwa kabla ya kupimwa, na nyingine ikapimwa bila kutangazwa. Watu wengi huhuzunika zaidi kwa ile ya kwanza, maana aliyeumizwa ana jina na uso, na mwisho wake wapendeza. Mimi ile ya pili hunisumbua zaidi. Kosa la RTÉ lilisahihishwa katika muda wa miezi 6, kwa sababu lilifanyika mahali ambapo kila mtu aliliona. La Ngong lilingoja wageni walifichue, na vijana wengine, kama walikuwapo wenye la kusema, hawakupata kusikia katika miaka hiyo kwamba mwenzao alikuwa amesema na akasikilizwa. Kiti cha Askofu wa Ngong kilikaa bila mwenyewe mpaka mwaka 2012, alipoteuliwa John Oballa Owaa. Wakati huo kila msomaji wa magazeti alikuwa amekwisha kujua kuwa ile habari ya afya, waliyotangaziwa waumini mwaka 2009, haikuwa habari yote.